Sura Zinafanana, Majengo Hayafanani: Hotuba Kuhusu Seli za Bakteria na Arkea

Hotuba hii niliitoa Morogoro mbele ya wanafunzi wa maabara na famasia, walimu wao, na wauzaji wa maduka ya dawa. Waliokuwa zamu wakashindwa kufika wameniomba niiweke nzima, nami nimeiweka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wanafunzi wetu, na ninyi kaka na dada zangu mliofunga maduka asubuhi hii mkaja: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na hamjambo nyote.

Nina swali kabla sijaenda popote. Katika ukumbi huu, nani hajawahi kumeza amoksilini? Nyosheni mikono tuwaone. Hakuna. Haya, nani anaweza kusimama akatueleza kile kidonge cha rangi mbili kikishafika mwilini kinafanya nini? Na usiniambie "kinaua vijidudu". Kinaua vipi? Bakteria hana shingo ukamnyonga. Hana moyo ukausimamisha. Hana damu ukaimwaga. Sasa dawa inamshika wapi?

Inamshika kwenye jengo lake. Kila antibayotiki iliyoko kwenye rafu zenu imelenga kiungo fulani cha seli ya bakteria, na kiungo hicho kisipokuwepo, dawa imekosa kazi. Ndiyo maana nilipoitwa nije kuzungumzia magonjwa, niliomba nizungumzie ujenzi. Chini ya hadubini viumbe hawa wanachosha macho: nukta, kijiti, kijiti kilichopinda, basi. E. coli, mkazi wa utumbo wetu, ana urefu wa kama mikromita 2. Wapange 500 kwa mstari ndipo upate milimita moja. Ukiwatazama kwa sura utasema wote ni ndugu wa baba mmoja. Lakini majengo hayafanani, ndugu zangu. Nani anakuua, nani anakutunza, dawa gani inafaa na ipi ni kutupa pesa, majibu yote yako kwenye jengo.

Tuanzie nje, kwenye ukuta, na hapa mniruhusu nikawie.

Mwaka 1884, mjini Berlin, daktari kijana kutoka Denmark aitwaye Hans Christian Gram alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha maiti cha hospitali ya mji. Mezani kwake kulikuwa na vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Shida yake ilikuwa ya kawaida kabisa: akitia rangi, rangi inashika kila kitu, pafu na bakteria, na hauoni nani ni nani. Akajaribu kutia rangi ya zambarau, akafuatisha iodini, kisha akaosha kwa alkoholi. Pafu likatoka rangi. Baadhi ya bakteria wakabaki zambarau, na wengine wakasafishika pamoja na pafu.

Mnaijua rangi hiyo? Mama zangu mliokaa hapo mbele mnaijua vizuri kuliko mimi. Ni jamaa wa karibu wa GV, ile dawa ya zambarau tuliyopakwa mdomoni utotoni, ikaishia kwenye shati la shule na kanga ya mama, na haikutoka hata kwa jiki.

Mimi Gram namheshimu kwa jambo moja. Alipochapisha njia yake aliandika wazi kwamba ina kasoro nyingi, akatumaini wengine wataiona ina manufaa. Basi. Leo, zaidi ya miaka 140 baadaye, kila mwanafunzi wa maabara aliye humu ndani vidole vyake vimewahi kugeuka zambarau kwa sababu ya mtu huyo. Rangi ya waridi tunayomalizia nayo, ile inayowaonyesha waliopoteza zambarau, iliongezwa na wengine baada yake.

Jambo ambalo Gram hakulijua ni kwa nini. Kwa nini huyu anashika rangi na yule anaiachia? Chukua gurudumu la baiskeli. Ndani kuna tyubu, nje kuna tairi. Seli ya bakteria ina utando laini wa mafuta na protini unaoizunguka, hiyo ndiyo tyubu. Na ndani yake mmejaa chumvi, sukari na protini zinazovuta maji, kwa hiyo tyubu inasukuma nje muda wote. Kwa bakteria wenye ukuta mnene, shinikizo hilo linalipita mara kadhaa lile la tairi la gari. Kinachozuia isipasuke ni ukuta, na ukuta huo umefumwa kwa kitu kiitwacho peptidoglikani: minyororo ya sukari iliyounganishwa kwa vidaraja vifupi vya amino asidi, ikaizunguka seli nzima bila mshono.

Wale wa zambarau, tunaowaita Gram chanya, wana tairi nene. Alkoholi ikiingia, tairi linakauka, matundu yanajibana, rangi inafungiwa ndani. Wale wa waridi, Gram hasi, tairi lao ni jembamba mno, ila juu yake wamevaa utando mwingine wa pili. Alkoholi inauyeyusha utando huo wa nje, na rangi inatoka kwenye kuta hizo nyembamba bila shida.

Sasa turudi kwenye kidonge. Bakteria anapokua, lazima akate tairi lake hapa na pale, atie nyuzi mpya, kisha aunge vidaraja. Kazi ya kuunga inafanywa na vimeng'enya maalumu, yaani protini za kazi za seli. Amoksilini, kama penisilini mama yake, ina umbo linalofanana na ncha ya kile kidaraja. Kimeng'enya kinaidaka kikidhani ni kazi, na kikishaidaka hakiachii tena. Kukata kunaendelea, kuunga kumesimama. Tyubu inachomoza kwenye ufa, inavimba, inapasuka. Hivyo ndivyo bakteria anavyokufa kwa amoksilini. Na angalieni kinachofuata: dawa hii inamuua anayekua. Aliyelala, asiyejenga ukuta kwa wakati huo, anaweza kukupita salama.

Ukilielewa hilo, mengine yanajieleza. Kwa nini dawa hii haipasui seli zako wewe? Hazina ukuta huo. Kwa nini haiponyi mafua? Kirusi cha mafua hakina ukuta huo, wala hata seli hakina. Na yule bakteria wa nimonia aitwaye Mycoplasma, ambaye amezaliwa bila tairi kabisa, ana tyubu tupu? Mpe amoksilini ya mwaka mzima, hatashtuka. Huyo anatafutwa kwa azithromaisini au doksisaiklini, ambazo zinapiga mahali pengine.

Alexander Fleming watu wanamjua kwa ukungu wa mwaka 1928 uliotupa penisilini, pale hospitali ya St Mary's, London. Mimi napenda zaidi alichokiona mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alikuwa na mafua. Akachukua kamasi yake mwenyewe akaiweka kwenye sahani ya bakteria, na bakteria waliokuwa karibu na kamasi wakayeyuka. Kilichowayeyusha ni laisozaimu, kimeng'enya kinachokata ile minyororo ya sukari kwenye ukuta. Kiko kwenye machozi yako, kwenye mate yako, kwenye ute mweupe wa yai. Kila ukipepesa macho unapaka kitu kinachokata matairi.

Kuhusu Gram hasi, wale wenye utando wa pili. Hao ndio wanaotuletea homa ya matumbo, kipindupindu na sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Utando wa nje una milango midogo ya protini, na dawa isiyopita mlangoni haifiki popote. Katikati ya tando mbili kuna nafasi, na baadhi yao wameweka humo kimeng'enya cha kuvunja penisilini kabla haijaugusa ukuta. Na utando wenyewe umebeba sumu: mafuta yenye sukari ambayo kinga ya mwili ikiyaona kwa wingi kwenye damu inapagawa, homa inapanda, presha inashuka. Unaweza kuwaua bakteria wote na vipande vya utando wao vikaendelea kukutesa.

Halafu kuna yule ambaye Gram hakumuweza. Tarehe 24 Machi 1882, hukohuko Berlin, Robert Koch alisimama kutangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Huyu juu ya ukuta wake amejipaka tabaka nene la nta. Rangi haiingii kirahisi. Ndiyo maana ninyi wa maabara mnapotafuta kifua kikuu kwa njia ya Ziehl-Neelsen mnamwaga rangi nyekundu kwenye slaidi na kuipasha moto kwa chini mpaka ifuke mvuke, bila kuiacha ichemke. Ikishaingia kwenye nta, hata asidi haiitoi. Mkimalizia kwa bluu, mnaona vijiti vyekundu vyembamba kwenye uwanja wa bluu. Nani humu amewahi kuviona? Haviondoki akilini.

Nta hiyohiyo ndiyo inayozuia dawa nyingi, na chakula pia kinaingia polepole, kwa hiyo bakteria huyu huchukua karibu siku nzima kujigawa mara moja. Dawa zinamezwa miezi, si siku tano. Na moja ya dawa hizo, isoniazidi, kazi yake ni kuzuia utengenezaji wa nta yenyewe. Hapa Morogoro sihitaji kuwaeleza habari za panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine wanaonusa sampuli za makohozi. Bakteria huyu anatoa harufu yake, panya anaijua, na sampuli ambazo hadubini imezipita zinarudiwa kuangaliwa.

Tuingie ndani. Ndani hakuna vyumba. Seli yako wewe imegawanywa: kiini kina kuta zake, mitokondria, mitambo yake ya nishati, zina kuta zake. Bakteria ana ukumbi mmoja, na kila kitu kinafanyika humo kwa pamoja. DNA ya E. coli ina herufi kama milioni 4.6, na ukiinyoosha inafika karibu milimita moja na nusu, yaani mamia ya mara urefu wa seli yenyewe. Imekunjwa na kusokotwa katikati ya ukumbi bila kiini cha kuifunika. Siprofloksasini inashambulia vimeng'enya vinavyosimamia msokoto huo. Na kwa kuwa hakuna ukuta kati ya DNA na ribosomu, mashine za kutengeneza protini, ujumbe wa jeni haujamaliza kuandikwa, tayari ribosomu zimeushika ncha ya mbele na kuanza kutengeneza protini. Kwetu haiwezekani, ujumbe lazima kwanza utoke kwenye kiini.

Ribosomu zao ni ndogo kuliko zetu, na zimeundwa tofauti kidogo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo riziki ya nusu ya rafu zenu: doksisaiklini, azithromaisini, erithromaisini, jentamaisini, kloramfeniko. Zote zinaingia kwenye ribosomu ya bakteria na kuvuruga kazi.

Ukumbi mmoja una faida kubwa: kasi. E. coli akiwa mahali pazuri hujigawa kila dakika 20. Mmoja akianza saa mbili usiku, na hali ikaendelea kuwa nzuri hivyo, saa kumi alfajiri ni zaidi ya milioni 16. Fanyeni hesabu wenyewe kwenye simu, mbili kwa mbili mara 24. Wali uliobaki mezani hausubiri mpaka uamke.

Na wana jambo lingine ambalo sisi hatuna. Miaka ya 1950, Japani ilisumbuliwa na ugonjwa wa kuhara damu. Madaktari wakakuta bakteria wa Shigella wenye usugu kwa dawa nne kwa mpigo: salfa, streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfeniko. Ajabu ni kwamba mgonjwa mmoja aliweza kuwa na Shigella sugu na asiye sugu kwa wakati mmoja. Usugu wa dawa nne hauzaliwi kwa bahati mara moja. Ulitoka wapi? Mwaka 1959 watafiti wa huko wakaonyesha kwamba E. coli sugu akiwekwa pamoja na Shigella wa kawaida, Shigella anatoka sugu. Walikuwa wanapeana. Kilichopita kati yao ni plazimidi, kiduara kidogo cha DNA kilichoko nje ya kromosomu, kinachonakiliwa na kupitishwa kwa jirani kwa kugusana. Jirani huyo si lazima awe wa spishi moja. Kwa hiyo ukimpa mtu antibayotiki asiyoihitaji, na E. coli wa utumboni mwake, asiyemdhuru mtu, akaota usugu, huyo amekuwa ghala. Siku mgeni mbaya akipita, atakuta mzigo tayari umefungwa.

Sasa niwapeleke Kongo, na baadaye Dodoma.

Mwaka 1905 daktari mmoja wa Liverpool, Joseph Everett Dutton, alikuwa akitafiti Kongo ya mashariki pamoja na mwenzake John Todd. Walikuwa wanafuatilia homa inayompata msafiri, inamwachia, inarudi, inamwachia, inarudi. Wenyeji walikuwa wanajua muda mrefu kwamba anayeileta ni papasi, jamaa wa kupe. Wageni ndio walihitaji ushahidi. Dutton na Todd wakaonyesha kwamba kweli papasi anabeba bakteria aliyejisokota, na wote wawili wakaugua. Todd akapona. Dutton akafa Kasongo mwezi Februari, akiwa na miaka 30. Mwaka huohuo Robert Koch, yuleyule, alikuwa upande wetu huku, Afrika Mashariki ya Wajerumani, akipasua papasi, na akawaona bakteria hao hata ndani ya mayai. Maana yake papasi anarithisha wanawe. Bakteria huyo leo anaitwa Borrelia duttonii.

Waliokulia nyumba za udongo Dodoma vijijini wanamjua papasi. Hang'ang'anii mwilini kama kupe wa ng'ombe. Anakaa kwenye ufa wa ukuta au vumbi la sakafu, usiku anatoka, anakunyonya kwa muda mfupi, anarudi alikotoka, na asubuhi humwoni.

Kwa nini nimemchagua huyu? Kwa sababu jengo lake lina mambo mawili ya ajabu. La kwanza ni mwendo. Bakteria wengi wanaogelea kwa flajela, uzi mrefu wa protini unaotokeza nje. Zamani watu walidhani unapigapiga. Miaka ya 1970 watafiti waliubandika uzi wa E. coli kwenye kioo, na mwili mzima ukaanza kuzunguka juu ya kioo. Uzi unazungushwa! Kwenye shina lake kuna mota halisi, ya protini, inayoendeshwa na haidrojeni zenye chaji zinazorudi ndani ya seli, na inazunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Borrelia anayo mota hiyo, ila nyuzi zake hazikutoka nje. Zimelala ndani, kati ya tando mbili, zimeuzunguka mwili. Mota ikizunguka, mwili wote unajipinda na kujipenyeza. Kwenye ute mzito ambako wengine wanakwama, yeye anapita.

La pili ni vazi. Kinga yako inamtambua kwa protini iliyo juu ya ngozi yake. Siku kadhaa za homa kali, kinga inatengeneza silaha dhidi ya protini hiyo, inawafyeka, homa inashuka, mgonjwa anaomba uji. Lakini miongoni mwa mamilioni, wachache walishabadilisha jeni ya vazi. Anazo akiba nyingi za mavazi kwenye DNA yake, anachomoa moja, anaweka nyingine. Hao wachache wanazaana kimyakimya, na wiki moja baadaye homa imerudi na kinga haimjui anayepigana naye.

Wanafunzi wa maabara, hapa mna kazi. Chukueni damu homa ikiwa juu. Homa ikishuka, slaidi inaweza kuwa safi na mgonjwa bado anaye. Na mnapotafuta malaria kwenye slaidi, macho yasiishie kwenye chembe nyekundu. Huyu anaonekana katikati ya chembe, uzi mwembamba wenye mawimbi. Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni kabisa. Siku hizi slaidi zimepungua, na nina wasiwasi tunawapita wengi.

Spora nitazitaja kwa haraka kwa sababu muda unakwenda, ingawa wafugaji hawataniacha nikiziruka. Bakteria wa kimeta na wa pepopunda mambo yakiwa magumu hujifungia: wananakili DNA, wanaifunika tabaka juu ya tabaka, wanatoa maji karibu yote, wanasimamisha maisha. Spora ya kimeta inakaa ardhini miongo mingi. Ndani ya mnyama aliye hai hazitengenezwi; zinatengenezwa damu ikikutana na hewa. Ndiyo maana maofisa mifugo wanapiga kelele: ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani, usimpasue. Ukimpasua umepanda shamba. Na maji yanayochemka hayatoshi. Otoklevu, chungu cha mvuke cha kutakasia vifaa, tunaifikisha nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi kwa ajili ya hao.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba wote wadogo wasio na kiini ni bakteria. Hivyo ndivyo dunia nzima ilivyoamini mpaka mwaka 1977.

Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alikuwepo mtu mmoja mkimya, Carl Woese. Kwa miaka mingi alikuwa akisoma RNA, jamaa wa DNA, ya ribosomu za viumbe mbalimbali. Alikuwa akiikata vipande, akivitandaza, akipiga filamu, kisha anakaa mbele ya kioo chenye taa akilinganisha madoa meusi siku nzima. Kazi ya kuchosha ambayo karibu hakuna mwingine aliyeitaka. Siku moja mwenzake Ralph Wolfe akampa vijidudu vinavyotengeneza methani. Kwa hadubini ni bakteria tu, vijiti vya kawaida. Kwenye filamu, madoa ambayo bakteria wote wanayo hayakuwepo. Woese na George Fox wakatangaza: hawa si bakteria, ni ukoo wa tatu wa uhai. Arkea.

Wakapokelewa vipi? Salvador Luria, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alimpigia Wolfe simu akamtaka ajitenge na upuuzi huo kabla haujaharibu jina lake. Wolfe hakujitenga. Na leo vitabu vyenu vya shule vina koo tatu.

Jengo lao likoje? Ukuta wa peptidoglikani hawana. Wengi wanavaa ganda la protini lililopangwa kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo amoksilini haina la kuwafanya. Mashine yao ya kusoma DNA inafanana na yetu kuliko ya bakteria, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, haiishiki. Wengi wanakunja DNA kwa protini ziitwazo histoni, kama sisi. Na utando wao umeundwa kwa kemia tofauti: bakteria na sisi tunaunganisha mafuta na gliseroli kwa kiungo cha esta, wao wanatumia etha, na minyororo yao ina matawi.

Tofauti hiyo ina maana gani? Nendeni Ziwa Magadi, Kenya, au Ziwa Natron upande wetu. Maji hayana pa kutokea, jua linayakausha, kinachobaki ni chumvi na magadi yenye pH ya 10 na zaidi. Anayetengeneza sabuni nyumbani anajua mafuta yakikutana na kitu kikali cha namna hiyo yanakuwa nini. Kinachovunjika pale ni esta. Etha haivunjiki hivyo. Sisemi kwamba esta ni hukumu ya kifo katika ziwa lile, kwa sababu bakteria wapo pia, wanajilinda kwa kuzuia magadi yasiingie ndani. Lakini maji yakikaribia kukauka, yakageuka mekundu, mnayeona rangi yake ni arkea kwa mabilioni. Mmoja wao, Natrialba magadii, alipewa jina la ziwa lenyewe. Arkea wengi wa chumvi hawakauki kwa sababu nao wamejijaza chumvi ya potasiamu ndani, na protini zao zimezoea hivyo. Wengi wao ukiwatia kwenye maji ya bomba wanapasuka.

Na flamingo je, wale heroe wa Natron? Rangi yao wengi wanadhani inatoka kwenye maji hayo mekundu. Chakula chao kikuu ni spirulina, ambaye ni bakteria anayetumia mwanga wa jua, mwenye rangi ya kijani. Ndani ya kijani hicho kuna karotini, na ndege anaipeleka kwenye manyoya. Ziwa moja, wekundu wa aina mbili, koo mbili za uhai. Kwa mbali huwezi kuzitenganisha.

Ndugu wa Goma, Bukavu na Gisenyi nao wana arkea wao. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485, na hewa ya oksijeni haishuki mbali. Sambaza wanavuliwa juu, chini hakuna samaki. Huko chini kumehifadhiwa kama kilomita za ujazo 60 za methani. Nani aliitengeneza? Sehemu kubwa ni arkea wa Woese, wale wa kwenye filamu, wanaounganisha kaboni dayoksaidi na haidrojeni au kuvunja asetati. Oksijeni kwao ni sumu. Rwanda wanavuta maji ya chini, wanatoa gesi, na mtambo mmoja pale Karongi unazalisha megawati 26 za umeme. Jamaa zao wa karibu wako kwenye tumbo la kila ng'ombe anayecheua hapa Morogoro.

Kaka mmoja aliniuliza mlangoni: mbona dawa za arkea hazimo dukani? Hazimo kwa sababu mpaka leo hajajulikana arkea hata mmoja anayesababisha ugonjwa kwa binadamu peke yake. Wamo mwilini mwetu, utumboni, hata kwenye fizi. Hawatusumbui. Kwa nini? Swali zuri kwa atakayefanya shahada ya uzamivu kati yenu.

La mwisho. Mwaka 2015 watafiti walisoma DNA ya tope la chini ya Bahari ya Aktiki, wakakuta arkea wenye jeni tulizodhani ni zetu peke yetu, zile za kujenga mifupa ya ndani ya seli. Kwa DNA walijulikana, ila hakuna aliyekuwa amemwona hata mmoja akiwa hai. Kumbe Wajapani walishachota tope la baharini mwaka 2006, kwenye kina cha zaidi ya mita 2,500, na walikuwa wanajaribu kulikuza polepole. Iliwachukua miaka 12. Mwaka 2020 wakachapisha picha. Kiduara cha nusu mikromita, hakina kiini, ndani hakuna la kutazama. Lakini kinatoa mikono mirefu yenye matawi, na hakiishi bila majirani. Wengi sasa wanaamini babu wa seli zetu alikuwa wa ukoo huo, akamkumbatia bakteria mmoja akakaa naye moja kwa moja, na bakteria huyo ndiye mitokondria. Ribosomu za mitokondria zako bado zina asili ya kibakteria, na baadhi ya madhara ya kloramfeniko kwenye uboho wa mifupa yanatoka hapo.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Ahsanteni sana kwa utulivu wenu. Kuna mkono umenyooshwa kule nyuma tangu niliposema habari za kimeta. Mpelekeeni kipaza sauti.